Zilizotolewa na Kuonekana

Niliondoka Mbaha asubuhi moja nikiwa na samaki wawili wakavu aina ya mbasa ndani ya kikapu na sababu moja ambayo sikuweza kumweleza mama vizuri. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akipanda milimani kila wiki alituambia kwamba kule juu, misheni, maji yanatoka ukutani. Sisi wa ziwani tulikuwa na maji ambayo jicho halikuona mwisho wake, lakini yalilala chini, mahali pa maji. Maji ya kutoka ukutani, usawa wa kifua cha mtu, nilitaka kuyaona.

“Unakwenda wapi?” mama akauliza.

“Juu.”

“Juu kwa nani?”

“Kuangalia tu.”

Akatazama kikapu, akatazama miguu yangu. “Haya. Ukimaliza kuangalia, urudi.”

Mpaka leo sijamaliza. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, si kwa ugonjwa wala kwa kukosa sare, bali kwa sababu mwalimu alisema mto unatoka mlimani, nami nikauliza mlima unayapata wapi maji hayo, akanichapa. Niliona ni afadhali nikauulize mlima wenyewe.

Haya nayaandika kwa ajili yenu vijana mnaobaki na spana, maana mimi yangu nimeiweka chini mwaka huu. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Mishahara mnaijua, ni ile ile mnayoilalamikia. Nataka kuwaeleza elbo moja, silabi moja na watu wawili walionifundisha kazi, mmoja fundi na mwingine ambaye hakuwahi kushika spana maishani mwake.

Nilifika Litembo siku ya pili, nikitetemeka. Mtu wa ziwani hajui baridi mpaka apande kule. Njiani nilipita mashamba yaliyochimbwa vishimo kama sega la nyuki, mlima mzima, kila kishimo kikishika maji yake ya mvua yasikimbie. Wenyewe Wamatengo huviita ngoro. Nilisimama nikavitazama hadi mama mmoja aliyekuwa akipalilia akaniuliza kama nimepotea. Nilikuwa najiuliza ni nani wa kwanza aliyefikiria kwamba mlima unaweza kufundishwa kukaa na maji yake.

Misheni nikaliona bomba lenyewe. Lilipanda ukutani, likapinda, likatoa mdomo wa shaba. Nikafungua koki, maji yakatoka. Nikafunga, yakakatika papo hapo kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikafungua tena.

“Wee! Unafungua kwa kazi gani?”

Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, bega moja limeinama kwa uzito wa mfuko wa vyuma. Nikamwamkia.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nimekuuliza unafungua kwa kazi gani.”

“Nataka kujua yanatoka wapi.”

Akauweka mfuko chini polepole. “Nimefanya kazi hii tangu ndevu zangu nyeusi,” akasema. “Watu wote huniuliza yatatoka lini. Yanatoka wapi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Beba mfuko huo.”

Huyo ndiye Mzee Gaspari, fundi bomba, aliyejifunza kazi kwa mabruda wa misheni. Nilibeba mfuko ule siku hiyo hadi kwenye chemchemi, tukilifuata bomba chini ya nyasi na migomba, na sikuutua kwa miaka mingi iliyofuata.

Chombo chake kikubwa hakikuwa cha chuma. Kilikuwa fimbo ya mti mgumu, urefu wa mkono, iliyong’aa kwa kushikwa. Ncha moja aliiweka juu ya bomba, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Alinipa siku ile ile. “Sikiliza.” Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu, kwa mbali, nikasikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili, wengi, hawagombani, hawanyamazi. Nywele zilinisimama. Chini ya nyasi zile nilizokuwa nimezikanyaga bila habari, maji yalikuwa safarini. Nimesikiliza mabomba maisha yangu yote, na sauti ile haijawahi kunizoea wala mimi kuizoea.

Alinifundisha kukata uzi wa bomba kwa dai, kile chuma cha kuchongea nyuzi, bila kuuvunja, kufunga katani kufuata upande wa mkazo, kukaza spana kwa uzito wa mwili na si kwa hasira. Hayo mtafundishwa na yeyote. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo sikulikuta kwa fundi mwingine wakati ule. Ukitoa kifaa kibovu, elbo ya kupindia bomba, soketi au koki, hukitupi na hukibebi. Unakifuta tope, unakiweka juu ya dirisha la mwenye nyumba, unaondoka.

“Akifanyie nini?” nilimuuliza.

“Akione. Kazi yetu iko ardhini, mwanangu. Mwenye nyumba haioni. Anachoona ni jasho lako, na jasho hata mwizi hutoka.”

Baada ya miaka kadhaa nilishuka Mbinga mjini kutafuta kazi zangu mwenyewe, nikakuta watu wameshazoea. Fundi akija nyumbani wanauliza, “Wewe ni wa Gaspari?” na akikubali wanatazama dirishani kabla ya kumlipa.

Ndipo ikaingia miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walifika na magari yao, maduka yakajaa redio na mitumba, na majengo yaliyokuwa ya watu wote yakaanza kuwa ya mtu mmoja mmoja. Pembeni mwa soko palikuwa na ghala la kahawa la zamani, refu, la mawe. Bwana Nombo akalinunua. Alikuwa mtu wa hapo hapo, mcheshi, mwepesi wa kusalimia, aliyepata fedha kwa kahawa na kwa akili. Akaligawa ghala kuwa fremu kumi na mbili za biashara na kuzikodisha kwa mikataba ya miaka kumi kumi. Kila mpangaji alitoa kwanza kilemba, ile fedha nzito ya kukabidhiwa ufunguo, kisha akaendelea na kodi ya mwezi ambayo mkataba uliifunga isipande.

Mimi alinichukua niweke bomba moja la kuingia uani na koki moja ya wapangaji wote. Malipo yangu sehemu yake yalikuwa chumba kidogo nyuma ya ghala, nilale bure mradi nitazame bomba. “Mnyasa wangu,” aliniita. Kwao milimani mtu wa ziwani jina lake ni Mnyasa hata akiwa na majina matatu ya ubatizo.

Fremu ya kwanza, iliyotazama barabara, ilikuwa ya Mwalimu Skolastika. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na kiinua mgongo chake chote alikitoa kuwa kilemba. Aliuza madaftari, kalamu na chaki, na alikuwa na taipureta ambayo watu walipanga foleni kuandikiwa barua. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na alisahihisha Kiswahili cha wateja kabla ya kuwauzia. Ukisema “nipe daftari mbili” alikujibu, “Madaftari mawili. Au kwenu yanaitwa nini?” na hakukupa mpaka useme.

Kodi haikuweza kupanda, kwa hiyo kikapanda kitu kingine. Mkataba ulikuwa na kifungu kifupi kwamba mpangaji atachangia gharama za huduma zilizotolewa katika jengo, na asiyechangia miezi mitatu mfululizo atapoteza chumba pamoja na kilemba chake. Mwaka wa kwanza mchango ulikuwa mdogo, wa mlinzi na mfagiaji, na hakuna aliyenung’unika. Mwaka wa pili uliongezeka. Wa tatu ukaipita kodi yenyewe. Wapangaji walilalamika wakiwa kwenye chai, kisha wakalipa. Mwalimu Skola hakulalamika. Aliomba maandishi ya huduma moja moja, na akasema mpaka atakapoyapata hatalipa.

Maandishi yakachukua miezi miwili kutoka. Alipoyapata, alikuja nayo nyuma ya ghala. Nilikuwa natengeneza kiti.

“Fundi, unajua kusoma?”

“Kidogo, Mwalimu. Niliacha darasa la tano.”

“Darasa la tano linatosha. Soma hapa.”

Nikasoma kwa kidole. Mlinzi. Mfagiaji. Maji. Halafu: matengenezo ya bomba lililopasuka na kurudisha maji uani, elbo mbili na kazi, fundi Mnyasa. Jina langu, ambalo sikuwahi kuliona likiwa limepigwa taipu, lilikuwa limekaa pale vizuri sana.

“Bomba hili ulilitengeneza lini?”

Maji ya uani yalikuwa yamekatika tangu masika. Mvua ilikuwa imesomba udongo ng’ambo ya barabara na bomba likapasuka. Nilikuwa nimemwambia Bwana Nombo vinavyohitajika, akasema ningoje. Wapangaji walikuwa wakichota mtoni kwa ndoo.

“Sikulitengeneza,” nikasema.

“Utayasema hayo kwenye baraza la kata?”

Niliinamia kiti changu kwanza, na sioni haya kuwaambieni. Alinitazama, kisha akatazama mlango wa chumba changu, mkeka, jiko la mkaa, suruali ya pili iliyoning’inia msumarini. Aliona kila kitu.

“Mwezi wa tatu unaisha Jumamosi ijayo,” akasema. “Baada ya hapo sina fremu, na sina kiinua mgongo kingine. Serikali haistaafishi mtu mara mbili. Lakini sitaki ushahidi wa mtu anayenionea huruma. Nataka wa fundi.”

Bwana Nombo naye alinifuata jioni hiyo, akicheka. “Mnyasa wangu, huyu mwalimu ana ubishi wa chaki. Wakikuuliza, sema ulifika. Bomba si utalitengeneza tu? Kesho, mwezi ujao, tofauti iko wapi? Nina mpango wa kujenga majengo mengine mawili, na fundi ninaye mmoja.”

Nilipanda Litembo kwa miguu kumuuliza Mzee Gaspari. Bega lake lilikuwa limezidi kuinama, akikaa juani na kusikiliza kwa fimbo yake kuni zikipasuka, kwa mazoea tu. Nikamweleza yote, marefu. Akangoja nimalize.

“Dirishani uliacha elbo?”

“Sikufika, Mzee. Ningeachaje?”

“Basi umeshajibu. Ulipanda mlima wote huu kwa hilo?” Kisha akaanza kutafuta kofia yake. “Kuna lori la kahawa linashuka Alhamisi. Nitakuja nikuone ukisema.”

Siku ya baraza chumba kilijaa, na nje madirishani watu waliegemeana. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mkulima wa kahawa, mtulivu, mwenye madole mapana. Walianza kwa Kimatengo, haraka haraka, na mara watu wakaangua kicheko. Nikamgusa Mzee Gaspari. “Wanasema nini?”

“Nombo anasema mwalimu amezoea kuhesabu watoto, sasa anahesabu mabomba.”

Mwenyekiti akaona nimepotea. Akasema sasa wazungumze Kiswahili, kwa kuwa shahidi ni Mnyasa na karatasi yenyewe ni ya Kiswahili. Nawaambia, hapo ndipo kesi ilipogeuka, ingawa hakuna aliyejua.

Nikaitwa. Nikasema sikulitengeneza bomba. Nilisema kwa sauti ndogo, wakaniamuru nirudie, nikarudia. Bwana Nombo hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsamehe ndugu.

“Mnyasa amesahau. Kazi ni nyingi. Mila ya mafundi hawa mnaijua, huacha kifaa cha zamani dirishani. Hiki hapa.” Akatoa mfukoni elbo iliyopakwa tope, akaiweka mezani kwa mshindo.

Watu wakanong’ona. Hata mimi, wallahi, kwa nukta moja nilijitilia shaka.

Mzee Gaspari akainuka. Hakuwa ameitwa. “Mwenyekiti, naomba niishike.” Akapewa. Hakuitazama nje kabisa. Aliisogeza dirishani, akafumba jicho moja, akatazama ndani ya tundu lake, pande zote mbili, bila haraka, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Kisha akampa Mwenyekiti.

“Tazama ndani, mwanangu. Unaona nini?”

Mwenyekiti akafumba jicho. “Sioni kitu. Ni safi.”

“Haijawahi kunywa maji. Elbo iliyokaa kazini ina kutu ndani, nyekundu, kama ulimi wa mtu mwenye homa. Hii tope lake liko nje tu. Imetoka dukani juzi.”

Nimeshika elbo maelfu tangu siku ile. Kila ninayoitoa ardhini naitazama ndani kwanza, na kila mara nashangaa kwamba maji, ambayo hayana mkono, huandika kumbukumbu ya kupita kwao mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifuta.

Kicheko kikapasuka mpaka nje. “Nombo, ipeleke ikanywe!” mtu akapaza sauti dirishani. Bwana Nombo akafuta mikono kwa leso. Mtu mwingine angeanguka hapo. Yeye hakuanguka, na nakiri nilimstahi.

“Sawa,” akasema. “Tuache elbo. Bomba halijatengenezwa, lakini litatengenezwa. Fedha hiyo ni ya kununua vifaa. Bila mchango nitanunuaje? Na hawa wamesaini wenyewe kwamba watachangia huduma. Mkataba haukusema huduma za jana wala za kesho. Umesema huduma. Mwenyekiti, saini ni saini.”

Mwenyekiti akausoma mkataba, midomo ikichezacheza, akaitikia kwa kichwa polepole kwa namna ambayo haikunipendeza. Hoja ilikuwa na miguu. Wazee wawili walikuwa tayari wanakubaliana naye kwamba nyumba haijengwi bila kuchanga. Nilimtazama Mwalimu Skola. Alikuwa anatafuta miwani yake katika mkoba, bila wasiwasi, kama aliye darasani na kengele bado iko mbali.

“Nombo,” akasema. “Mkataba huu nani aliuandika?”

“Mimi, Mwalimu.”

“Kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu. Wewe mwenyewe ulinipigia taipu.”

“Nilipiga neno kwa neno. Sikubadili hata nukta, ingawa nilitamani. Soma kifungu cha sita.”

Akasoma. “Mpangaji atachangia gharama za huduma zilizotolewa katika jengo.”

“Neno la mwisho kabla ya ‘katika’.”

“Zilizotolewa.”

“Likate vipande.”

“Mwalimu, hapa ni barazani…”

“Nilikufundisha darasa la tano, safu ya pili, karibu na mlango, kwa sababu ulipenda kutoroka. Likate vipande.”

Na Bwana Nombo, mwenye ghala na malori mawili, akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Miguu yake ilisimama yenyewe, mikono ikaenda nyuma.

“Zi,” akasema. “Li. Zo. Tolewa.”

“Li ni wakati gani?”

Bwana Nombo akatazama juu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu darini.

“Wakati uliopita, Mwalimu.”

“Na ungetaka ujao, ungesemaje?”

“Zitakazotolewa.”

“Kaa chini.”

Akakaa. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa amesimama, akainamisha uso, halafu, nashukuru Mungu kwa ajili yake, akaanza kucheka. Chumba kizima kikacheka naye. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: “Kiswahili si cha mama zetu. Tulikipata kwa fimbo. Ndiyo maana hatuwezi kusingizia kwamba hatukukielewa.”

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshangaa mno. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiamini kwamba kitu kidogo chenye nguvu kuliko vyote ni nati ya nusu inchi. Sasa nilikuwa nimeona herufi mbili zikishikilia fremu ya mtu, kiinua mgongo chake na uzee wake wote, wala hazikulegea. Nilikuwa nimeiacha shule kwa sababu ya fimbo, na sikujua ni nini nilichokiacha ndani yake.

Mwalimu Skola hakuridhika kushinda tu. Wapangaji wengine walipoanza kupiga kelele kwamba sasa hawatalipa mchango wowote, aliwageukia kwa ukali ule ule. “Mlinzi mmemwona? Mfagiaji mmemwona? Basi hao tutalipia, na kwa wakati. Sikuja hapa kula jasho la mfagiaji.” Baraza likaamua hivyo hivyo. Ya mlinzi na mfagiaji yalipwe, kwa kiasi walichopewa hasa. Ya maji na bomba yafutwe mpaka maji yatoke. Chumba hakinyang’anywi.

Mwenyekiti akataka kifungu kirekebishwe kusiwe na ugomvi tena. Akauliza waongeze nini. Watu wakatoa maneno mengi. Mzee Gaspari, ambaye alikuwa bado ameishika ile elbo safi, akasema, “Ongezeni ‘na kuonekana’. Basi.” Mwalimu Skola akaandika: huduma zilizotolewa na kuonekana. Akamuuliza Bwana Nombo kama ana pingamizi. Hakuwa nalo.

Bomba nililitengeneza wiki iliyofuata, kwa elbo mbili. Za zamani niliziweka dirishani kwa Mwalimu, nyekundu ndani. Bwana Nombo alinilipa vizuri, akaniambia bila chuki, “Mnyasa, chumba kile sasa nakihitaji,” nami nikaelewa. Nikalala miezi kadhaa ndani ya fremu ya Mwalimu, kati ya madaftari, kwa sharti kwamba kila siku nisome ukurasa mmoja kwa sauti naye akinisahihisha. Ndivyo nilivyomaliza darasa la tano. Baadaye nikapata kazi ofisi ya maji, nikaenda huku na huko wilayani, na mengi ya huko mnayajua kwa kuwa mlikuwepo.

Wote wawili wametangulia. Mzee Gaspari aliniachia fimbo. Mwalimu Skola hakuniachia kitu cha kushika, lakini mpaka leo nikisikia mtu akisema “fedha ya huduma” sikio langu hungoja kusikia wakati gani unafuata.

Kwenu mafundi nina maneno mawili tu ya kazi. Jina lako likiandikwa kwenye karatasi ya mtu, omba kuisoma. Na kifaa cha zamani ukiache dirishani, hata kama mwenye nyumba anacheka.

Siku nilipokabidhi funguo za stoo sikujua niende wapi. Kurudi Mbaha nitarudi, mama aliniagiza na kaburi lake linaningoja. Lakini asubuhi ile nilitoka nyumbani na begi na fimbo, nikasimama barabarani, na gari la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea upande wa Songea. Kigonsera nilikuwa nimepita mara nyingi, sikuwahi kushuka. Nikashuka.

Nikaulizia chumba. Wakanielekeza kwa mama mmoja kijana, Restituta, mwenye nyumba ya vyumba vinne na mtoto mgongoni.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Nimeambiwa una chumba.”

“Kipo. Utakaa muda gani?”

“Sijui bado. Nataka kuangalia.”

Alicheka, akaingia ndani, akatoka na mkataba. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, herufi zimekolea na kutapakaa kama miguu ya siafu. Nikavaa miwani. Nikasoma kwa kidole, kama siku zote. Kifungu cha sita kilisema: Mpangaji atachangia gharama za huduma zilizotolewa na kuonekana.

Niliketi kwenye ngazi.

“Kuna tatizo, babu?”

“Hapana. Karatasi hii uliipata wapi?”

“Stesheneri hapo senta. Mikataba ya huku yote iko hivyo. Nimeikuta.”

“Na haya maneno, ‘na kuonekana’, nani aliyaweka?”

Akainua mabega, mtoto akapanda na kushuka nayo. “Si ndivyo mkataba unavyoandikwa?”

Nikasema ndivyo. Nikamuuliza, kwa kuwa mazoea hayaachi mtu, mchango wa mwezi huu ni wa nini.

“Mlinzi hatuna. Ni bomba tu, lilipasuka, fundi akaja wiki iliyopita.”

“Fundi gani?”

“Kijana tu wa hapa. Simjui hata jina.” Kisha akakumbuka kitu, akanyoosha mkono dirishani pa kile chumba ambacho kingekuwa changu. “Aliacha na uchafu wake huo. Mafundi wa huku wana tabia hiyo, sijui kwa nini. Nitautupa.”

“Usiutupe,” nikasema.

Ilikuwa elbo ya nusu inchi, imefutwa tope. Nikaichukua, nikaigeuzia kwenye mwanga, nikafumba jicho moja na kutazama ndani. Ilikuwa nyekundu pande zote mbili.

Nikairudisha mahali pake na kumwomba Restituta kalamu.